Windows na Linux Ndani ya Kompyuta Moja: Kazi Kubwa ni Kabla ya Kuchomeka Flashi

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft haitoi tena masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa kila mtu. Anayeyapata ni yule tu aliyejiandikisha kwenye mpango wake wa muda wa nyongeza. Taarifa hiyo imewakuta watu wengi wakiwa na kompyuta nzima kabisa: betri inakaa, kibodi haina tatizo, skrini safi, lakini Windows 11 inaikataa. Toleo hilo jipya linadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64 na, kwa kompyuta za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu.

Chukua mfano wa Lenovo ThinkPad T470, iliyotoka mwaka 2017 ikiwa na prosesa ya kizazi cha sita au cha saba. Laptopu za namna hii, zilizotumika maofisini ughaibuni kisha zikauzwa mtumba, ni bidhaa ya kawaida kwenye maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Kwa Microsoft, T470 imeshapitwa na wakati. Kwa mwanafunzi wa chuo, karani wa ushirika au mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hiyo ni mashine ya miaka mingine mingi, mradi ipate mfumo endeshi ambao bado unatunzwa.

Mfumo huo upo na ni wa bure. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki, Finland, na leo inapatikana katika matoleo mengi. Kwa anayetoka Windows, ningemwelekeza kwenye Linux Mint, au Ubuntu, ambayo ilizinduliwa mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Linux Mint 22 inatunzwa hadi mwaka 2029. Inaweza kufanya kazi kwenye RAM ya GB 2, ingawa kwa kazi za kila siku GB 4 ndiyo ya kuanzia.

Kwa nini basi usifute Windows yote ukabaki na Linux? Kwa sababu kuna kazi zisizohama. QuickBooks ya kusakinishwa kwenye kompyuta haina toleo la Linux. AutoCAD vivyo hivyo. Kuna printa na mashine za ofisini ambazo programu zake zilitengenezwa kwa Windows peke yake. Mwenye kazi hizo anahitaji mifumo yote miwili: kila akiwasha kompyuta anaulizwa anataka kuingia wapi, anachagua, na mfumo mmoja unafanya kazi huku mwingine umelala. Ukitaka kuhama, unazima na kuwasha upya.

Hapa nataka kusema jambo moja kwa uzito wake. Kusakinisha Linux kwenyewe ni kazi ya chini ya saa moja. Wanaopoteza picha za harusi, tasnifu na hesabu za miaka mitatu hupoteza kwa sababu ya yale ambayo hayakufanywa kabla ya flashi kuchomekwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya makala hii inahusu maandalizi.

Je, unaihitaji kweli?

Kama unataka tu kuionja Linux, usiguse diski yako. Linux Mint na Ubuntu huweza kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, ukazitumia, ukazima, na Windows yako ikabaki ilivyo. Kama kompyuta ina RAM ya GB 16, unaweza kusakinisha programu ya bure iitwayo VirtualBox na kuiendesha Linux ndani ya Windows kama programu nyingine yoyote. Na kama ni kompyuta ya mezani yenye nafasi ya diski ya pili, nunua SSD ndogo, weka Linux humo peke yake. Hiyo ndiyo njia salama kuliko zote, kwa kuwa diski ya Windows unaweza kuichomoa kabisa wakati wa kazi.

Wanaobaki ni wenye laptopu yenye diski moja. Hao ndio ninaowaandikia kuanzia hapa.

Maandalizi

Anza na nakala rudufu. Nakili nyaraka, picha, na hasa mafaili ya programu ya hesabu kwenye diski ya nje au flashi nyingine, kisha chomeka flashi hiyo kwenye kompyuta ya mtu mwingine na ufungue mafaili machache uone kama yanasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado si nakala ya kuitegemea.

Pili, chunguza kama diski imefungwa kwa usimbaji. Hili ndilo linalowaangusha watu wengi siku hizi, na mafundi wengi hawaliulizi. Windows ina ulinzi uitwao BitLocker, na kwenye kompyuta nyingi mpya ulinzi huo hujiwasha wenyewe pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukibadilisha mpangilio wa kuwaka kwa kompyuta, Windows inaweza kukusimamisha kwenye skrini ya bluu ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, mafaili yote yamekwenda. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu wa kwanza kuingia kwenye kompyuta hiyo akiwa msimamizi. Sasa fikiria laptopu iliyowashwa mara ya kwanza na kijana wa dukani kwa akaunti yake, ili mteja aikute tayari: ufunguo uko kwake, wala yeye mwenyewe hana habari.

Kujua hali ya diski yako, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status na ubonyeze Enter. Ikionyesha kwamba diski imesimbwa, nenda kwenye Settings, tafuta Device encryption au BitLocker, uizime, na usubiri hadi kazi ya kufungua diski iishe kabisa. Inaweza kuchukua muda mrefu kwenye diski kubwa. Acha laptopu kwenye chaji ukafanye shughuli nyingine.

Tatu, zima Fast Startup. Huu ni mtindo ambao Windows haijizimi kikamilifu ukibonyeza Shut down. Inajihifadhi nusu usingizi ili iwake haraka kesho. Linux ikigusa diski iliyoachwa katika hali hiyo, inakataa kuandika kitu au, vibaya zaidi, mafaili yanaharibika. Fungua Control Panel, ingia Power Options, kisha Choose what the power buttons do, na uondoe alama kwenye Turn on fast startup. Kama kisanduku hicho hakibofyeki, bofya kwanza mstari ulio juu yake wenye maneno Change settings that are currently unavailable.

Nne, angalia jinsi kompyuta inavyowaka. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, na utafute mstari wa BIOS Mode. Ukiona UEFI, mambo ni mepesi. Ukiona Legacy, diski yako huenda ni ya mpangilio wa zamani wa MBR, ambao hauruhusu zaidi ya partisheni nne za msingi, na mara nyingi Windows na kiwanda wameshazitumia zote. Katika hali hiyo flashi nayo lazima iwashwe kwa mtindo huohuo wa Legacy. Kuchanganya mitindo hiyo miwili ndiko kunakofanya watu wamalize kusakinisha halafu mfumo mmoja usionekane.

Sasa tenga nafasi, na uitenge ukiwa ndani ya Windows, kwa sababu Windows ndiyo inayojua vizuri mafaili yake yamekaa wapi. Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua Disk Management. Utaona diski imechorwa kama ukanda uliogawanywa vipande. Diski iliyouzwa kama GB 256 itasomeka takriban GB 238. Hujaibiwa, kiwanda na Windows wanahesabu kwa vipimo tofauti. Kile kipande kidogo cha mwanzo, mara nyingi MB 100, ndicho cha EFI, ambamo kompyuta inasoma jinsi ya kuwaka. Kile cha mwishoni ni cha kurekebishia Windows. Vyote viwili usiviguse.

Bofya C kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua Shrink Volume. Windows itakuuliza upunguze kiasi gani, kwa MB. Kwa Linux ya kazi za kawaida GB 60 zinatosha vizuri, kwa hiyo andika 61440. Ukikuta Windows inakubali kutoa kiasi kidogo tu ilhali diski ina nafasi tele, kuna mafaili yasiyohamishika yaliyokaa katikati ya njia. Kwenye Command Prompt ya msimamizi andika powercfg /h off, washa upya, ujaribu tena. Ikifanikiwa utaona kipande kipya chenye alama nyeusi na neno Unallocated. Kiache hivyohivyo. Usikifomati, usikipe herufi.

Flashi

Faili la Linux Mint lina karibu GB 3, na la Ubuntu 24.04 karibu GB 6. Kwa bando la kupimwa hiyo si kitu cha kupakua mara mbili, kwa hiyo lichukue kwenye tovuti rasmi ya mradi wenyewe, na likishashuka hakikisha limefika zima. Ndani ya Windows, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Utapata mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule uliochapishwa kwenye tovuti. Ukitofautiana hata herufi moja, faili limeharibika njiani.

Tumia flashi ya GB 8 au zaidi na programu ya bure iitwayo Rufus kuliandika faili hilo kwenye flashi. Kila kilichokuwa kwenye flashi hiyo kitafutwa. Baada ya Rufus kumaliza, zima kompyuta, iwashe tena huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP ni F9, kwenye laptopu za Asus ni Esc. Acer hutumia F12 pia, ila mara nyingi lazima kwanza uiruhusu kwa kuingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, kwa F2.

Linux itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Usikimbilie kusakinisha. Kaa nayo kidogo. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, vitufe vya kupunguza mwanga, chomeka printa yako. Kama Wi-Fi haionekani, unganisha simu kwa waya wa USB na uruhusu simu igawe intaneti kwa njia hiyo. Linux huitambua bila programu ya ziada, na kupitia hapo unaweza kupata kiendeshi cha Wi-Fi. Kama kifaa unachokitegemea hakifanyi kazi, bora ujue sasa.

Kuna tatizo jingine linalojitokeza hapa: kisakinishi hakioni diski kabisa. Kwenye laptopu nyingi za Intel sababu ni mpangilio wa BIOS uitwao RST au VMD. Usiubadilishe ghafla kwenda AHCI, maana Windows itagoma kuwaka. Kwanza iagize Windows iwake kwa Safe Mode, badilisha mpangilio, iache Windows iwake katika hali hiyo mara moja, ndipo uirudishe kwenye hali ya kawaida.

Skrini moja ya kuiogopa

Chomeka chaja kabla ya kuendelea. Kwa kompyuta ya mezani tafuta UPS, kwa sababu umeme ukikatika wakati diski inaandikwa upya, hasara yake haina mfano.

Maswali ya lugha, kibodi na saa za eneo yapite haraka. Ukiulizwa kuhusu programu za ziada za sauti, video na viendeshi, kubali. Kama Secure Boot, yaani ulinzi wa kuwaka kwa kompyuta, imewashwa, unaweza kuombwa utunge nenosiri la muda. Liandike, kwa sababu mara ya kwanza kuwasha upya utaona skrini ya bluu yenye neno MOK, uchague Enroll MOK na uliingize nenosiri hilohilo. Watu wengi huibonyeza skrini hiyo ipite, kisha wanashangaa kwa nini Wi-Fi haiwaki.

Halafu inakuja skrini inayouliza Linux ikae wapi. Kwenye Linux Mint utaona kwa kawaida chaguo tatu. Install alongside maana yake ni kuisakinisha pembeni ya Windows. Erase disk maana yake ni kufuta diski nzima: Windows, mafaili, na hata kipande cha kurekebishia. Something else ni kupanga mwenyewe. Erase disk haimaanishi kufuta ile nafasi uliyotenga. Inamaanisha kufuta kila kitu. Simama hapo, soma taratibu, mwite mtu mwingine asome pamoja nawe ikibidi.

Mimi napendelea Something else kwa sababu unaona unachokifanya. Utaona orodha ya vipande, na kimoja kimeandikwa free space chenye ukubwa uleule uliotenga, karibu GB 64 kwa hesabu ya kisakinishi. Ukubwa huo ndio ushahidi wako. Kichague, bonyeza alama ya kujumlisha, weka aina ya ext4 na mahali pa kukaa pawe alama ya mkwaju, yaani /. Kipande cha EFI kilichokuwepo kiache bila kufomatiwa. Linux itaongeza humo faili zake za kuwakia pembeni ya zile za Windows. Kabla ya kuandika chochote, kisakinishi kitakuonyesha orodha ya mabadiliko. Kama orodha inataja kufomati kipande cha ntfs, rudi nyuma. Hicho ni cha Windows.

Baada ya kuwasha upya

Ukitoa flashi na kuwasha, utaona menyu ya GRUB, yenye mstari wa Linux na mstari wa Windows Boot Manager. Ingia kote kuwili siku hiyohiyo. Kama kompyuta inaruka moja kwa moja hadi Windows, ingia BIOS, tafuta mpangilio wa kuwaka, na upandishe juu mstari wenye jina ubuntu. Mara nyingi ndivyo hata Linux Mint inavyojiandikisha. Kama ni kinyume, yaani Linux ipo lakini Windows haionekani, tatizo kwa kawaida liko kwenye GRUB, ambayo tangu toleo la 2.06 imeacha kutafuta mifumo mingine yenyewe. Fungua faili /etc/default/grub, ongeza mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, hifadhi, kisha endesha sudo update-grub.

Saa nayo itakuchanganya. Linux huiacha saa ya ndani ya kompyuta ikisoma saa za dunia, wakati Windows huichukulia saa hiyohiyo kuwa ni saa za hapa. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele, kwa hiyo ukitoka Linux na kuingia Windows saa nne asubuhi, Windows itakuambia ni saa moja. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi tofauti itakuwa saa mbili, Muscat saa nne. Kwa mwenye kutoa risiti na ankara kwenye Windows, hilo si dogo: rekodi zote zitakuwa na muda wa uongo. Ndani ya Linux fungua terminal, andika timedatectl set-local-rtc 1, kisha sahihisha saa ndani ya Windows mara moja.

Linux inaweza kusoma na kuandika mafaili yaliyo upande wa Windows, lakini Windows haisomi ext4 yenyewe. Kwa hiyo nyaraka unazozitumia kote kuwili ziache upande wa Windows, au utenge kipande cha tatu cha ntfs kwa ajili yake. Nyaraka za Word zitafunguka kwenye LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice, ile ambayo kundi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam liliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Zenye mpangilio mgumu wa majedwali zihakiki kabla ya kuzituma.

Flashi ya kusakinishia itunze. Agosti 2024 sasisho moja la Windows lilizuia Linux kuwaka kwenye kompyuta nyingi zenye mifumo miwili, kwa ujumbe uliotaja SBAT na kukiukwa kwa sera ya usalama. Mafaili hayakupotea, ila bila kujua pa kushika watu walidhani kompyuta imekufa. Wengi waliokolewa na kuzima Secure Boot kwa muda na kusasisha Linux.

Na kama bado unatumia Windows 10, elewa kwamba kuwepo kwa Linux pembeni hakuilindi. Ipangie kazi: benki, barua pepe na kuperuzi vifanyike Linux, Windows ibaki na programu ya hesabu na printa, ikiwezekana bila intaneti.

Ukija kuchoka na Linux, usianze kwa kufuta kipande chake. Ingia kwanza BIOS uiweke Windows Boot Manager juu ya orodha, uhakikishe inawaka yenyewe, ndipo ufute kipande cha Linux kwenye Disk Management na kurudisha nafasi kwa C. Anayefuta kwanza hukutana na skrini nyeusi yenye maneno grub rescue.

Haya yote unaweza kuyafanya mwenyewe kwa jioni moja. Ukiamua kumpa fundi, kabla hajaigusa kompyuta muulize nakala za mafaili yako ziko wapi, na Linux itakaa kwenye nafasi ipi ya diski. Akikujibu kwamba ataanza kwa kufomati, chukua kompyuta yako umtafute mwingine.